Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya reli: waya wa umeme umefika Dodoma, tawi la Singida linaota miti

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia reli ya nchi yetu, kuanzia meza ya juu kabisa mpaka mainjinia mnaokagua njia,

YAH: KUACHWA KWA TAWI LA RELI MANYONI–SINGIDA NA VITUO VIDOGO VYA RELI YA ZAMANI

Shikamooni wakubwa. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nieleze kwanza kwa nini nawaandikia hadharani maana najua wapo watakaosema huyu anatafuta umaarufu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, nikaambiwa nikasubiri nitapigiwa simu. Ya pili nikaambatanisha na kopi ya ile ya kwanza, muhuri tena. Mara ya tatu nikaenda bila barua, nikakaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, mara mhusika yupo kikaoni, mara kasafiri, mwisho naambiwa mhusika mwenyewe sio yule niliyeandikia, ni wa ofisi nyingine kabisa. Nina mihuri miwili mizuri sana ya bluu, jibu sina. Basi tuongee hapa na wengine wasikie.

Mi ni mtu wa Saranda, wilaya ya Manyoni. Kama ulishawahi kupanda treni ya Kigoma au Mwanza miaka ile hauhitaji kuelekezwa Saranda ni wapi, ni pale treni ikisimama unasikia kelele madirishani, kuku! kuku wa moto! mayai! na mkono wako wenye hela unatoka dirishani kabla hata hujajua utarudishiwa chenji ama la. Mama yangu alikuwa kwenye lile kundi. Kuku anachinjwa kulingana na treni, yani mama alikuwa anajua treni ya leo imechelewa Gulwe kwa hiyo mafuta yasiwekwe jikoni mapema, taarifa anaipata kwa stesheni masta, na stesheni masta naye anapelekewa paja. Nimesoma kwa hela ya kuku wa treni, mimi na dada zangu watatu. Leo hii nanunua alizeti vijijini, nakamua, nauza mafuta na mashudu, kwa hiyo mambo ya usafirishaji siyajui kwa kusimuliwa, yananiuma mfukoni kila wiki.

Kabla sijalalamika nitoe haki. Treni ya umeme ni kitu kikubwa mmefanya. Nimeipanda. Ilipozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024 mi nilikuwa mmoja wa waliobeza, nikasema tusubiri miezi mitatu tuone, nikaja kupanda mwenyewe Dodoma kwenda Dar kwa 31,000, nikanyamaza. Basi kutoka Dodoma linakula siku nzima, hii unakunywa chai Dodoma na mchana unakula Kariakoo. Unapita kwenye mahandaki kule Kilosa chai haimwagiki. Mara mojamoja ikisimama porini tukasikia ni ngedere au bundi kagusa waya, tukacheka, tukasamehe, kitu kipya hakikosi vituko. Kwa hiyo msije mkanijibu kwamba napinga maendeleo. Hilo jibu nalijua, nimeshalisikia pale pale kwenye benchi.

Hoja zangu ni hizi.

1. Tawi la Manyoni–Singida, karibu kilomita 115, limeachwa bila mtu kusema limeachwa.

Hili ndo kubwa na ndo nitakaa nalo zaidi. Tawi hili sio la Mjerumani. Mjerumani alipita na njia kuu tu, alianza Dar 1905, Dodoma akafika 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, basi. Waingereza ndo waliokuja kujenga tawi la kwanza la kwetu miaka ya 1930, kutoka Manyoni mpaka Kinyangiri, afu miaka ya 1940 wakaling'oa wao wenyewe. Wazee walikuwa wanatuonyesha tuta lilipopita, ng'ombe wanapita juu yake. Na sio sisi tu, pale Kongwa kwenye ule mradi wa karanga ulioanza 1947 walichepusha reli kutokea Msagali, mradi ulivyokufa na reli ikaondoka. Mtwara kwenda Nachingwea hivyohivyo, 1962 ikafungwa ikang'olewa. Kwa hiyo watu wa kanda hii tunajua reli kuondoka inakuwaje, tumeiona zaidi ya mara moja.

Ila hawa wakoloni walikuwa na kitu kimoja, walipoona hailipi walisema hailipi wakabeba vyuma vyao. Hili tawi la Singida tulijenga wenyewe baada ya uhuru, serikali yetu, kwa sababu wakubwa wa wakati ule waliona mkoa wenye alizeti, vitunguu, kuku na ng'ombe hauwezi kubaki unategemea barabara ya vumbi. Nikiwa mdogo nimeipanda treni ya Singida, mwendo wake ulikuwa wa kobe, unaweza kushuka ukachimba dawa ukakimbia ukalikuta behewa lako, lakini ilikuwa inaenda. Magunia yako juu, mbuzi wako pembeni, nauli mama anaimudu. Leo abiria wa tawi lile hana treni. Miti imeota katikati ya mataruma, zile nguzo za kulala zinazobeba reli, mingine minene kama paja la mtu mzima. Kalavati zimezibwa na mchanga, mvua ikija maji yanakula tuta kutoka chini, na reli inabaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Nimekuta hivyo kwa macho yangu sehemu mbili nikiwa natafuta alizeti, na hapo sijatembea tawi zima.

Na mnisikilize hapa: hakuna tangazo. Hakuna siku mtu alisimama akasema kuanzia leo tawi hili limefungwa kwa sababu hizi na hizi. Ukiuliza unaambiwa lipo kwenye mpango. Mpango upi, wa mwaka gani, fungu gani? Uingereza mwaka 2017 waziri wao wa uchukuzi alifuta mradi wa kuweka umeme kati ya Cardiff na Swansea, watu wakakasirika kweli, lakini alitangaza, ikajulikana imefutwa, wakajua wanagombana na nani na juu ya nini. Sisi tunagombana na "ipo kwenye mpango".

2. Kila fedha ya reli inapita mlangoni kwetu haisimami.

Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kampuni ya kutoka India, wao hisa 51 kwa mia, serikali 49, ndoa ile haikumaliza miaka mitano. Tukasema sawa. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 300 kufufua reli ya zamani Dar mpaka Isaka, kilomita 970, inapita Manyoni katikati ya mji, tukasema safi sasa na tawi litaguswa, halikuguswa. Ikaja SGR, yani hii reli mpya ya umeme, matrilioni, kipande cha Morogoro mpaka Makutupora kilomita 336, na Makutupora yenyewe ipo wilaya yetu ya Manyoni! Afu kinachofuata Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka, Isaka–Mwanza, Tabora–Kigoma. Kwenye hotuba nasikia mpaka Musongati ya Burundi, nasikia Mpanda mpaka Karema ziwani. Na waende, siwaonei wivu, Mpanda ni ndugu zetu. Lakini Singida siisikii, sio kwa umeme, sio kwa dizeli, sio hata kwa toroli.

3. Mzigo.

Mnasema mnataka malori yapungue barabarani. Sasa alizeti yangu ikitoka Singida inapanda Fuso, Fuso linaenda Dodoma au linaenda Dar moja kwa moja. Hata ningetaka kutumia hiyo treni yenu mpya ya mizigo lazima gari ipande iende mpaka Dodoma ishushe ipandishe tena, na kila kushusha na kupandisha kuna kuli wa kulipwa, kuna magunia yanayopasuka, kuna kilo zinazopotea hazijulikani zimeenda wapi. Jasi ya Itigi nayo mnajua wenyewe inavyosafiri. Mvua kubwa zikinyesha barabara inachimbika, serikali hiyohiyo inatoa hela kuziba mashimo yaliyochimbwa na mzigo ambao ungekuwa juu ya chuma ambacho kipo tayari kimelala porini.

4. Vituo vidogo vya njia kuu ya zamani.

Kigwe, Bahi, Kintinku, Saranda, Aghondi, Kazikazi. Treni ya umeme ya abiria inaishia Dodoma kwa sasa, na hata ikisogea mbele haiwezi kusimama kila kichaka, mwendo wa 160 sio wa kusimamasimama, hilo naelewa. Treni ya zamani inapita kwa siku zake, ukiuliza inafika saa ngapi unaambiwa "ikifika itafika". Kota za reli zimebaki mabati yenye kutu na popo. Akina mama wa kuku pale Saranda sasa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, wengine wamehamia barabarani kwenye mabasi ambako wanakimbizana na magari hatari kabisa, basi likisimama dakika mbili wanalizunguka wote.

5. Usalama.

Hapa naandika kifupi kwa sababu siwezi kuandika kirefu. Tarehe 24 Juni 2002, Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima ikagonga ya mizigo, wakafa watu 281. Tulikuwa na jirani kwenye ile treni. Reli isiyotunzwa haikai tu ikisubiri, siku mtakayoamua kupitisha kichwa cha treni juu yake kwa haraka kwa sababu ya kampeni au ziara bila kuifanyia kazi, itaua. Kwa hiyo ninapoomba treni siombi treni ya kesho asubuhi.

Sasa najua mtakachosema, nimeshakaa kwenye benchi nikazisikia zote.

Mtasema hela hakuna ya kuweka umeme kila tawi. Kwani nani kawaomba umeme? Mi sio injinia lakini najua waya wa volti 25,000 na nguzo na vituo vya kupozea umeme havijengwi kwa treni moja au mbili kwa siku, haina hesabu. Tunataka dizeli. Kichwa kimoja na mabehewa matatu manne, au yale mabehewa yenye injini yake humohumo. Reli iliyopo, ile ya zamani yenye upana wa mita moja, inatosha, ikasafishwe, ibadilishwe mataruma yaliyooza, kalavati zizibuliwe. Hapa ndo penye kosa lenu kubwa kwa maoni yangu, mmeacha neno umeme limemeza kila kitu, yani kwa sababu tawi halistahili umeme basi halistahili chochote.

Mtasema kuna lami nzuri Manyoni mpaka Singida. Ipo na tunashukuru. Hata Dodoma–Dar kulikuwa na lami na bado mkajenga SGR.

Mtasema abiria hawapo. Hawapo kwa sababu treni haipo! Na hata reli ya Moshi na Arusha mlisema hivyohivyo miaka yote, ikalala tangu miaka ya 1990 huko, watu wakajenga mpaka juu ya njia, afu mkaamua. Desemba 2019 abiria wakaenda Moshi kwa treni, Oktoba 2020 ikafika Arusha, na mabehewa sikukuu yanajaa mpaka watu wanakosa tiketi. Majirani zetu Kenya, pamoja na SGR yao ya 2017, wakarudi nyuma wakafufua njia ya zamani ya Nanyuki mwaka 2020, na ya Kisumu mwaka uliofuata, reli ileile ya mita moja kama ya kwetu. Kwa hiyo inawezekana. Kilichofanyika Arusha kinashindikana vipi Singida? Au ni kwa sababu sisi hatuna mlima wa watalii? Samahani kwa hilo la mwisho lakini ndo maneno ya vijiweni Manyoni na sio vizuri nyie msiyajue.

Mtasema mafuriko. Hapo nakubaliana nanyi nusu. Kilosa mpaka Gulwe, mto Mkondoa na wenzake wamebeba reli mara nyingi, kuanzia ile ya mwisho wa 2009 iliyofunga njia miezi mpaka nyingine za karibuni, na hilo ni tatizo la kweli, limekula hela nyingi. Lakini Manyoni–Singida haipiti kwenye ule mto. Msituuzie mafuriko ya Kilosa.

Na mtasema wananchi wenyewe wanaiba vyuma. Wapo, sikatai, mnunuzi wa chuma chakavu anapita na pikipiki na mizani. Mnalinda nini lakini? Gengi, yani vile vikundi vya watunza njia vilivyokuwa vinakaa kila baada ya kilomita kadhaa, zilivunjwa. Babu yangu alikuwa gengi, alikuwa anatembea kipande chake kila siku na nyundo mkononi anagonga msumari wa reli mmoja mmoja, anajua kila taruma kama mfugaji anavyojua mbuzi wake, nani angeiba? Mmeondoa macho afu mnashangaa kuibiwa.

Baada ya hayo, tunachoomba ni hiki, na nimekipanga mkiweza mjibu namba kwa namba:

Moja, ndani ya siku 90 toeni tamko la maandishi kuhusu tawi la Manyoni–Singida. Lipo hai au limekufa. Kama lipo hai, kazi inaanza mwaka gani wa fedha. Kama limekufa semeni limekufa, tutalia siku tatu tutanyanyuka, na eneo lake mlipangie kazi nyingine kabla halijavamiwa.

Mbili, wakati mnafikiria, ajirini vijana wa vijiji vinavyopakana na njia wafyeke miti na kuzibua kalavati kabla ya mvua. Hii haihitaji mkopo wa nje, inahitaji mapanga, makoleo na posho.

Tatu, tawi likifufuliwa, treni yake ipangwe ifike Dodoma kabla ya treni ya umeme kuondoka, sio baada. Naandika hili makusudi kwa sababu nawajua, mtaleta treni nzuri itakayofika Dodoma nusu saa baada ya ile nyingine kuondoka. Mtu anunue tiketi moja Singida imfikishe Dar, kubadilisha treni anabadilisha hapohapo Dodoma.

Nne, ratiba ya treni ya zamani ibandikwe kila kituo kwa karatasi, na ikichelewa kuwe na mtu wa kusema imechelewa wapi. Simu zipo. Mama yangu miaka ile alikuwa anajua treni ipo Gulwe kuliko mimi ninavyojua leo nikiwa na simu ya intaneti mkononi.

Tano, mtuambie umeme ukifika Tabora reli ya zamani inakuwaje. Inabaki kwa mizigo? Inafungwa? Vituo vidogo vinaachiwa vijiji? Watu wa Kintinku na Kazikazi wana haki ya kujua kabla, sio kuja kugundua siku moja kwamba treni ya wiki iliyopita ndo ilikuwa ya mwisho.

Sijaandika kwa niaba ya chama chochote, na uchaguzi ukija sigombei hata ubalozi wa nyumba kumi. Nakala ya barua hii nitaibandika kwenye mbao za matangazo stesheni ya Saranda, ubao upo, tangazo la mwisho lililobaki pale limefifia halisomeki. Barua zangu mbili za mwanzo zenye mihuri yenu ninazo, mhusika yeyote akizihitaji nitazileta mwenyewe Dodoma, nitafika kwa basi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa muuza kuku,
Saranda, Manyoni